Manowari ya nje imepita na jarife letu, fidia inadaiwa wapi?

Mwana Mkondo: Wakuu salama? Juzi usiku tulitega jarife, ule wavu mkubwa, vipande 18, ikaja manowari ya nje (nchi siitaji) ikapita juu ya nyavu kama haioni kitu, asubuhi tumeokota vipande 5 na maboya yamekatika, vingine vyote kwaheri. Tajiri mwenye chombo anataka hela yake na sisi hatuna. Bandarini naambiwa meli ya jeshi haishtakiwi, kweli au wananizungusha tu?

kusi2: Wamekwambia nusu. Kuikamata huwezi, ina kinga, ila ule mkataba wa bahari wa UN wa 1982 kifungu cha 31 unasema manowari ikivunja sheria za nchi inayopita ikaleta hasara, nchi yenye bendera inawajibika. Hiyo ni ndani ya maili 12 lakini, na anayeidai nchi ile ni serikali yako sio wewe na tajiri wako. Mlikuwa maili ngapi?

Mama Feri: Kama ni Mmarekani wana sheria yao ya madai ya nje, unapeleka ndani ya miaka 2. Kule Norway Novemba 2024 nyambizi ya Marekani USS Virginia ilibeba nyavu za jamaa karibu na Tromsø, askari wa pwani wakazikata kutoka kwenye propela, na jeshi likasema njia ya kudai fidia ipo. Ila yule ushahidi ulikuwa umening'inia kwenye meli yenyewe 😅

Bin Nahodha: Ndo hapo sasa, ushahidi. 2015 kule Ireland ya Kaskazini boti ya uvuvi iitwayo Karen nyavu zake zilinaswa ikavutwa kinyumenyume, Waingereza wakasema sio nyambizi yetu, watu wakamnyooshea kidole Mrusi, Waingereza kuja kukubali ni yao ni Septemba, miezi kama mitano hivi! Na hao walikuwa na boti nzima ya kuonyesha. Wewe andika saa, sehemu, namba ya ubavuni, piga picha vipande vilivyobaki hata kabla hujavishona, peleka BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) na polisi. Halafu watakuuliza taa, jarife likizidi mita 150 kutoka chomboni sheria inataka taa nyeupe upande lilikolala. Mlikuwa nayo?

Mwana Mkondo: Tochi ya sola kwenye boya la mwisho, sijui kama ilifika alfajiri. Maili kama 8 hivi. Namba aliiona dogo mmoja tu, ngoja nimpigie kabla hajaenda dago, kambi ya wavuvi.