Rasimu za maswali zinapotea kabla ya kutumwa: zihifadhiwe kwenye kivinjari au kwenye seva?

Mwalimu wa Fizikia
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na walimu wenzangu wawili tunaendesha tovuti ndogo ya maswali na majibu kwa wanafunzi wa sekondari. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alitumia karibu saa nzima kuandika swali kuhusu namna nuru inavyopinda ndani ya maji, akieleza kila hatua aliyojaribu, na kabla hajalituma umeme ukakatika, kompyuta ikazimika na maandishi yote yakapotea. Hakuliandika tena, na hilo limeniuma sana, kwa kuwa mtoto anayejieleza kwa kirefu namna hiyo ndiye hasa tuliyemfungulia tovuti. Ninataka rasimu zijihifadhi zenyewe. Je, niziweke kwenye kivinjari au kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti yetu, nikizingatia kwamba wengi wao wana bando dogo?

Fundi Tovuti
Mwalimu, anza na kivinjari, kwa sababu hakitumii bando na maandishi hubaki hata umeme ukikatika. Chagua hifadhi ya kudumu, ambayo kwa kawaida huipa kila tovuti takriban megabaiti 5, wala si ile inayofutika ukurasa unapofungwa. Usihifadhi kwa kila herufi. Subiri mwandishi atulie sekunde moja au mbili. Kila rasimu ibebe namba ya swali lake, la sivyo jibu la swali moja litajitokeza chini ya swali lingine. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kufuta rasimu mara tu kitufe cha kutuma kinapobonyezwa: mtandao ukikatika hapo katikati, mwanafunzi amepoteza vyote. Futa baada ya seva kuthibitisha kwamba imepokea.

Bi. Mtunza Data
Ninakubaliana na Fundi, ila kivinjari peke yake hakitoshi. Dirisha la faragha likifungwa, rasimu hufutika. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari nacho hufuta data ya aina hiyo mtumiaji akikitumia siku 7 bila kuigusa tovuti husika. Zaidi ya hayo, wanafunzi wako wanatumia kompyuta za mgahawa wa intaneti na simu za wazazi, na rasimu iliyoachwa pale itasomwa na anayefuata; kwa hiyo mtu anapotoka kwenye akaunti yake, rasimu nayo iondoke kwenye kifaa. Kwa walioingia kwenye akaunti, tuma nakala kwenye seva kila baada ya dakika moja, kama WordPress, ule mfumo wa kuendeshea tovuti, inavyofanya kwa kawaida, na iwapo tu maandishi yamebadilika.

Mwalimu wa Fizikia
Ahsanteni sana. Na iwapo rasimu ya simu na ile ya kompyuta zinatofautiana?

Fundi Tovuti
Weka saa ya kuhifadhiwa kwenye kila nakala, umwoneshe mwanafunzi zote mbili achague mwenyewe. Usifute moja kimyakimya, hata kama ni ya zamani, maana mara nyingine ya zamani ndiyo ndefu. Picha za daftari usizihifadhi kwenye kivinjari, kwani chache tu huijaza nafasi hiyo. Waandikie chini ya kisanduku kwamba maandishi yamehifadhiwa lakini picha itabidi ziambatishwe upya.