Naomba ushauri: jozi ya G na U kwenye modeli ya RNA

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Moshi, na naunda modeli ya RNA ya nyuzi mbili kwa waya na vizibo vya soda. Jozi za kawaida za besi (herufi za RNA), A na U, G na C, zimekaa vizuri, jozi 11 hivi kila mzunguko wa msokoto. Kinachonitoa jasho ni G na U, ile jozi isiyo ya kawaida aliyoieleza mwanabiolojia Francis Crick mwaka 1966. Bondi mbili za haidrojeni zipo, ila U inasogea kuelekea mfereji mkubwa (mmoja wa mifereji miwili inayozunguka msokoto), na waya unagoma. Kuiruka siwezi: kwenye tRNA ya alanini (RNA inayobeba asidi amino ya alanini), jozi hiyo moja, G3 na U70 (namba ni nafasi zake), ndiyo kitambulisho kwa kimeng'enya kinachoipachika alanini. Mliowahi kuunda, mnauonyeshaje msogeo huo bila kuvuruga msokoto mzima? Waya laini wa shaba utafaa?