Je, Thanos alimpenda Gamora kweli? Kipande cha Vormir bado kinanichoma

BintiWaGamora

Wakuu, habari za humu. Nimeirudia Avengers: Infinity War wiki hii, na nilipofika Vormir, sayari ambako Thanos anamtoa kafara Gamora, binti aliyemlea, nikaisimamisha nikatoka nje kupumua. (Thanos ndiye adui anayekusanya mawe sita ya nguvu ili aangamize nusu ya viumbe.) Nina swali moja, ila naomba nilieleze vizuri kwanza.

Muvi yenyewe naipenda sana. Tangu itoke mwaka 2018 sijaona nyingine iliyobeba mashujaa wengi namna ile bila watu kusukumana mlangoni. Thor akishuka Wakanda na shoka lake jipya, mpaka leo nanyanyuka kwenye kiti. Tony Stark na Doctor Strange wakibishana ndani ya chombo cha Ebony Maw, mtumishi wa Thanos, kila neno nalifurahia. Kwa hiyo sitaki mtu aje kuniambia kuwa hizi hadithi si zangu.

Tatizo ni Gamora. Red Skull, mlinzi wa pale Vormir, anamweleza Thanos kwamba Jiwe la Roho lina bei: anayelitaka apoteze anachokipenda, roho kwa roho. Gamora anacheka. Anacheka kwa sababu anamjua aliyemlea, anajua hana anachokipenda, basi safari yake imeishia pale na ulimwengu umemhukumu. Halafu anamwona Thanos analia, na anadhani anajililia mwenyewe. Red Skull ndiye anayemwambia kwamba machozi yale si ya kujililia. Gamora anasema waziwazi kuwa huo si upendo. Anajaribu kujichoma kisu, kisu kinageuka mapovu mkononi mwake. Anashikwa mkono, anaburutwa, anatupwa gengeni. Na jiwe linatolewa.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Jiwe likitolewa, maana yake sharti limetimia. Hadithi imemsikiliza Gamora akisema "hunipendi", ikamsikiliza Thanos akilia, ikaamua Thanos ndiye mkweli. Na Gamora alishatoa ushahidi wake mwaka 2014 kwenye Guardians of the Galaxy ya kwanza: Thanos si jamaa yangu, aliwaua wazazi wangu mbele yangu, akanitesa, akanifanya silaha. Maneno ya aliyetendewa hayo. Miaka minne baadaye linakuja jiwe linasema, ndiyo, lakini alikupenda.

Gamora ndiye aliyenivuta kwenye hadithi hizi. Alilelewa katika nyumba ya ukatili, akajua ni ukatili, akakataa kufanana nayo. Nilimhitaji mtu kama yule. Sasa sijui niufanye nini mwisho ule.

Swali langu: waandishi, Christopher Markus na Stephen McFeely, walitaka tuamini kwamba Thanos alimpenda? Kama ndiyo, kuna namna ya kukisoma kipande hiki bila kumsaliti Gamora? Na waliosoma vitabu vya katuni, huko ikoje?

MzeeWaKurasa

Binti yangu, nianze na vitabu maana huko ndiko nilikokulia.

Sharti la kutoa unachokipenda halimo. Katika The Thanos Quest ya 1990, Thanos anayakusanya mawe sita kwa hila na ubabe, mmiliki mmoja baada ya mwingine, na hakuna mahali anapodaiwa mtoto. Halafu inafuata The Infinity Gauntlet ya 1991, matoleo sita ya Jim Starlin, michoro ya George Pérez na baadaye Ron Lim. Humo Thanos anapiga kidole na nusu ya viumbe inatoweka, lakini sababu yake si uhaba wa chakula wala wingi wa watu. Anamtaka Kifo. Kifo ni mwanamke, anatembea, ana uso, na Thanos anamchumbia. Anamuulia nusu ya ulimwengu kama zawadi, na yule mwanamke hata hamgeukii.

Kwa hiyo upendo ulikuwepo tangu mwanzo, ila haukuwa wa mtoto. Walipomwondoa Kifo kwenye muvi walibaki na Thanos mwenye hesabu tupu, mtu wa kusema rasilimali hazitoshi. Mtu wa hesabu halizi watu. Naamini ndiyo maana wakauchukua upendo ule wakauhamishia kwa Gamora, ili apate kitu cha kupoteza.

Na Gamora wa vitabuni hakupewa hata machozi. Aliingia kwenye gazeti la katuni la Strange Tales namba 180 mwaka 1975, na mwaka 1977 Thanos mwenyewe akamjeruhi jeraha la kufa alipomwasi. Hakuna genge wala muziki wa Alan Silvestri. Shujaa Adam Warlock ndiye aliyemkuta anakata roho, akaichukua roho yake akaihifadhi ndani ya jiwe. Ukipima hivyo, muvi imempa heshima zaidi ya vitabu. Lakini nakuelewa, heshima ya kufa vizuri si sawa na kusikilizwa.

FundiPicha

Dada, mimi naona tofauti, na ninasema kwa moyo mmoja: Thanos alimpenda. Josh Brolin hakuigiza unafiki hata sekunde moja. Angalia kile kipande cha utotoni, sayari ya Gamora inachinjwa nyuma yake, na Thanos amechuchumaa anamfundisha kusawazisha kisu kidoleni. Milio ya risasi ikianza, anamgeuza uso mtoto asione. Mikono iliyoamuru mauaji ndiyo inayomkinga asiyaone. Kisha baada ya kupiga kidole anajikuta mahali pale pa rangi ya chungwa na Gamora mdogo anamuuliza imemgharimu nini, naye anajibu kila kitu. Hana wa kumdanganya pale.

Mimi linalonitisha ni kwamba mtu anaweza kupenda kwa dhati na bado akatupa. Ukisema hakupenda, unamfanya zimwi la hadithi za watoto, na mazimwi tumeshayaona mengi kwenye muvi hizi. Huyu alikuwa mpya kwa sababu alipenda.

BintiWaGamora

FundiPicha, nakubali machozi ni ya kweli. Brolin sina neno naye. Ila mtu anaweza kukililia kitu chake. Hicho kipande cha kisu unachokisifia mimi nakiona kinyume: anamgeuza uso mtoto ili asiujue ukweli wa jinsi alivyompata. Ule ni mwanzo wa umiliki, na muvi ilinionyesha hivyo kabisa. Ndiyo maana jiwe linaniuma. Ningevumilia Thanos kujidanganya. Siwezi kuvumilia ulimwengu mzima ukimthibitishia.

Mzee, shikamoo na asante. Hilo la kuhamisha upendo kutoka kwa Kifo kwenda kwa Gamora sikuwahi kuliwaza. Linatisha pia, maana linamweka mtoto mahali pa mchumba aliyekuwa akinunuliwa kwa maiti.

ShabikiWaWanda

Jamani, ngojeni. Mnamtazama Thanos peke yake wakati muvi imelijibu swali hili tangu dakika za mwanzo.

Fuateni mawe. Loki anatoa Tesseract, mchemraba wenye jiwe mojawapo, kwa sababu hawezi kumwona kaka yake Thor anateswa. Gamora mwenyewe anataja Vormir kwa sababu hawezi kumwona Nebula, dada yake wa kulelewa pamoja, akivutwa vipande vipande. Doctor Strange anatoa Jiwe la Muda ili Tony asiuawe. Ya Strange najua ina hesabu zake, alishaona njia zaidi ya milioni kumi na nne na moja tu ya ushindi, lakini kinachotokea mbele ya macho yetu ni kilekile: jiwe linatolewa, mtu anaokolewa. Na Steve Rogers anamwambia Vision, mwenye jiwe kwenye paji la uso, kwamba hawabadilishani maisha ya watu. Mara tatu mtu anaachia jiwe ili kumwokoa mtu. Thanos peke yake anamtoa mtu ili apate jiwe. Waongozaji Anthony na Joe Russo hawakuhitaji kutuandikia maelezo, wametuwekea mizani mbele yetu.

Sasa tazameni wanaoua wanaowapenda. Ni watatu. Gamora alimwapisha mpenzi wake Peter Quill kwa jina la mama yake Quill kwamba akikamatwa, amuue. Kule Knowhere, Quill analia na anavuta kifyatulio, ni Thanos tu aliyezigeuza risasi mapovu. Vision anamwomba mpenzi wake Wanda avunje jiwe lililo kwenye paji la uso wake, naye analivunja kwa mkono mmoja huku mkono wa pili unamzuia Thanos. Wote wawili waliombwa. Aliyekufa au aliyekaribia kufa ndiye aliyechagua. Gamora pale Vormir hakuulizwa. Hata alipotaka kuchagua kifo chake mwenyewe, kisu kikageuzwa mapovu. Mapovu yaleyale, mara mbili, na mara zote mbili yanamnyang'anya Gamora uamuzi.

Halafu kipande ambacho mimi nakiona ndicho jibu lako, dada. Wanda ameshamvunja Vision, amepiga magoti, Thanos anakuja anampapasa kichwa anamwambia anamwelewa kuliko yeyote. Wanda anamjibu kwamba hawezi kumwelewa kamwe. Thanos amejiweka kundi moja na Wanda, na Wanda amemkatalia. Neno la muvi kuhusu upendo wa Thanos limetoka kwa mwanamke aliyetoka kumpoteza mpenzi wake sekunde hiyo. Mimi namwamini yeye kuliko jiwe.

Na jiwe lenyewe halikuwahi kuwa hakimu. Kwenye muvi iliyofuata, Endgame ya 2019, Clint Barton na Natasha Romanoff wanakwenda Vormir ileile, na wanapigana, kila mmoja anataka awe yeye wa kuanguka. Jiwe likatoka vilevile. Lilimpa Thanos na likampa Clint. Linapokea gharama tu, halijui nani alipenda vizuri.

DadaWaNebula

Naongeza kidogo tu. Mkitaka kujua upendo wa Thanos unafananaje, muulizeni Nebula. Aliwapambanisha mabinti zake wawili, na kila Nebula aliposhindwa aling'olewa kipande cha mwili akawekewa chuma. Wakati huohuo Gamora ndiye kipenzi. Kule Vormir alilia kwa ajili ya Gamora, saa chache baada ya kumtundika dada yake. Karen Gillan, anayemwigiza Nebula, anabeba jambo hili kwa macho tu na hapewi sifa zake.

BintiWaGamora

ShabikiWaWanda, nimesoma ujumbe wako nikarudi moja kwa moja kwenye kipande cha Wanda. Kumbe Gamora hakuwa peke yake kusema "huo si upendo". Wanda amelirudia baadaye bila kujua, na hakuna jiwe lililomjibu yeye. Hilo limenisaidia kweli. Na mapovu mara mbili, hapo umenishika.

FundiPicha bado sikubaliani nawe, lakini nimeona kwa nini unamhitaji Thanos anayependa.

Kinachobaki kwangu ni malalamiko mengine. Tony Stark aliagwa kando ya ziwa, kila shujaa amesimama pale. Gamora hakupata hata mtu mmoja wa kusimama mbele ya wengine na kusema alikuwa nani. Kwenye Endgame alikuja Gamora mwingine aliyesafiri katika muda kutoka mwaka 2014, asiyemjua Quill, asiyekumbuka chochote tulichopitia naye, na hadithi ikaendelea kana kwamba nafasi imezibwa. Yule wa Vormir namdai mazishi.

Mzee, huyo Gamora wa 1975 nianzie wapi?

MzeeWaKurasa

Marahaba binti. Anza na hadithi za Warlock za Starlin, kuanzia Strange Tales namba 178 uingie kwenye gazeti lenyewe la Warlock. Kisha Avengers Annual namba 7 ya 1977, ndiko anakokufa. Usiruke kwenda The Infinity Gauntlet kabla ya hapo, maana anaporudi kutoka ndani ya jiwe akiwa na Warlock utataka kuwa ulimwona akiingia. Na humo 1991 mwangalie Nebula vizuri, anayedai ni mjukuu wa Thanos. Thanos amemwacha kati ya uhai na kifo kama pambo la kumfurahisha mchumba wake, kisha glovu yenye mawe inamponyoka, na anayeivaa ni Nebula.