Mjadala: Sheria zilizopitishwa kwa kura ya wananchi California, bunge liruhusiwe kuzigusa?

KALAMU YA BLUU
Wakuu, naileta hii kwa wanaofuatilia siasa za California. Tarehe 10 Oktoba 1911, chini ya Gavana Hiram Johnson, wapiga kura waliingiza kwenye katiba ya jimbo haki tatu: kutunga sheria wenyewe kwa kura, kuizuia sheria iliyopitishwa na bunge, na kumwondoa kiongozi kabla muda wake haujaisha. Aliyekuwa akilengwa ni kampuni ya reli ya Southern Pacific, ambayo ilikuwa imeliweka mfukoni bunge la jimbo, lililoko Sacramento.

Siulizi kama haki hizo zifutwe. Nauliza kuhusu kipengele kimoja. Katiba ya California inasema sheria iliyoletwa kwa hoja ya wananchi haiwezi kurekebishwa wala kufutwa na bunge mpaka wananchi wapige kura tena, isipokuwa hoja yenyewe iwe imetoa ruhusa. Hakuna ukomo wa muda. Kosa la uandishi la miaka thelathini iliyopita linabaki pale pale hadi mtu alipeleke kwenye kura. Mimi nasema kufuli hili limezidi. Baada ya miaka kama saba hivi, bunge liruhusiwe kurekebisha kwa theluthi mbili. Karibuni.

MNYUKAJI
Mkuu, hapo unamkabidhi fisi bucha. Hizi hoja zipo kwa sababu kuna mambo ambayo wabunge hawatayafanya hata kwa bakora. Chukua mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Kwa miaka mingi wabunge walijichorea wenyewe, kila mmoja akijitengea wapiga kura wake. Mwaka 2008 Hoja ya 11 ikawanyang'anya kalamu, ikampa kazi hiyo tume ya raia 14: Wademokrati 5, Warepublican 5, na 4 wasio wa vyama hivyo viwili. Mwaka 2010 Hoja ya 20 ikaongeza na mipaka ya viti vya Bunge la Marekani. Niambie ni bunge gani lingejifanyia hivyo.

Na bima ya magari je? Mwaka 1988 kulikuwa na hoja tano za bima kwenye karatasi moja ya kura, nyingine zikiwa za makampuni ya bima yenyewe. Iliyopita ni Hoja ya 103 peke yake, inayolazimisha kampuni iombe kibali kabla ya kupandisha bei. Ungelipa bunge ruhusa ya kuigusa litakavyo, wapambe wa bima wangekuwa wamepiga kambi Sacramento kabla wino haujakauka.

HESABU KWANZA
Kabla hatujarushiana maneno, tuweke utaratibu mezani, maana wengi wanadhani ni wananchi wanakutana uwanjani wanakubaliana.

Unaandika sheria yako, unaipeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo na ada ya dola 2,000 (hadi 2015 ilikuwa 200). Umma unapewa siku 30 za kutoa maoni. Mwanasheria Mkuu anaandika kichwa na muhtasari usiozidi maneno 100. Hayo maneno 100 ndiyo wapiga kura wengi wanayoyasoma, kwa hiyo usishangae kuona watu wakishtakiana kwa sababu ya neno moja. Ukishapewa kichwa, una siku 180 za kukusanya saini. Sheria ya kawaida inataka asilimia 5 ya kura zote zilizopigwa katika uchaguzi wa mwisho wa ugavana. Marekebisho ya katiba yanataka asilimia 8. Kwa hesabu ya uchaguzi wa 2022, hiyo ni saini 546,651 kwa sheria na 874,641 kwa katiba. Saini halali, si saini tu.

Tangu mabadiliko ya 2014, ukifikisha robo ya saini unatoa taarifa na bunge linalazimika kufanya kikao cha kuisikiliza hoja yako. Na hoja yote lazima iwe imekamilika siku 131 kabla ya uchaguzi.

Sasa piga hesabu: saini laki tano na nusu ndani ya miezi sita, watu wa kujitolea pekee hawafiki. Kinachofanyika ni kulipa kampuni, nayo inawalipa wakusanyaji kwa kila saini. Kupiga marufuku malipo hayo kabisa haiwezekani, Mahakama Kuu ya Marekani ilishazuia katika kesi ya Colorado mwaka 1988. Bunge la California lilijaribu kukataza walau malipo ya kila saini, Gavana Jerry Brown akaukataa muswada huo 2011.

BI KAUNTI
Niongeze hapo kwenye saini halali, maana ndipo wengi wanapoangukia. Karatasi zinapelekwa kaunti kwa kaunti, ziko 58. Kwanza zinahesabiwa tu bila kukaguliwa. Kama jumla imefika, kila kaunti inachukua sampuli: saini 500 au asilimia 3 ya zilizoletwa, iliyo kubwa kati ya hizo. Karani anafungua daftari la wapiga kura, analinganisha mwandiko, jina na anwani. Mtu amehama hajabadilisha anwani yake kwenye daftari? Saini yake imekwenda na maji.

Balaa kubwa ni aliyesaini mara mbili. Ukichukua asilimia 3, kila saini ya sampuli inawakilisha takribani 33. Lakini kuikuta saini iliyorudiwa ndani ya sampuli ndogo hivyo ni bahati adimu, kwa hiyo kanuni inachukulia kwamba nje ya sampuli zimo nyingi zaidi: unazidisha 33.3 kwa 32.3. Marudio mamoja tu yanakata saini zaidi ya 1,000 kwenye makadirio ya kaunti. Ukikutwa na kumi, umepoteza elfu kumi. Ndiyo maana kampuni makini hukagua karatasi zake zenyewe kabla ya kuzikabidhi.

Makadirio yakizidi asilimia 110 ya kinachotakiwa, hoja imepita. Yakiwa chini ya 95, imekufa. Katikati hapo, kaunti zinakagua saini zote moja moja, na tarehe ya siku 131 haimsubiri mtu.

TAI LA DHAHABU
Mifano ya bima ni midogo. Mfano wa kufuli lililoharibu jimbo ni Hoja ya 13 ya Juni 1978, ya wapinga kodi Howard Jarvis na Paul Gann, iliyopita kwa karibu asilimia 65. Kodi ya mali haizidi asilimia 1 ya thamani iliyosajiliwa. Thamani hiyo haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe.

Fanya hesabu ya nyumba mbili zilizopakana. Moja ilinunuliwa 1978 kwa dola 70,000. Ipandishe asilimia 2 kila mwaka kwa miaka 47: inafika kama 177,500, kodi yake dola 1,775. Jirani ananunua iliyo sawa na hiyo leo kwa 1,200,000: kodi yake 12,000. Mtaa mmoja, zima moto ni walewale, shule ile ile. Mahakama Kuu ya Marekani iliulizwa mwaka 1992 kama huo ni usawa mbele ya sheria, ikajibu inaruhusiwa, majaji 8 kwa 1.

Kwa mali za biashara ni vibaya zaidi. Jengo likimilikiwa na kampuni, linathaminiwa upya pale tu mtu au kampuni moja inapopata zaidi ya asilimia 50 ya umiliki. Wanunuzi watatu wakigawana theluthi theluthi, jengo limebadilisha wenyewe na kodi imebaki ya zamani. Mwaka 2020 Hoja ya 15 ilitaka mali kubwa za biashara zitozwe kwa bei ya soko. Ikashindwa, 52 kwa 48.

MFUATILIAJI
Ndugu yangu Tai, hesabu yako ni safi ila umeiweka kwenye kesi isiyo yake. Hoja ya 13 si sheria ya kawaida, ni kifungu cha katiba, cha 13A. Katiba ya jimbo lolote la Marekani, ukiacha Delaware, hubadilishwa kwa kura ya wananchi. Kufuli analolisema mtoa mada lingefunguliwa leo, Hoja ya 13 isingetikisika hata kidogo.

Ukitaka mfano wa kufuli lenyewe, soma Hoja ya 22 ya Novemba 2020. Bunge lilikuwa limepitisha sheria, ikaanza Januari 2020, inayofanya madereva wengi wa programu za simu wahesabike kuwa waajiriwa. Uber, Lyft, DoorDash na wenzao wakatoa zaidi ya dola milioni 200, wakaandika hoja yao ya kuwaweka kando madereva hao, ikapita kwa karibu asilimia 59. Ndani yake wakaweka kwamba bunge linaweza kurekebisha, ila kwa sehemu saba kati ya nane za kila baraza. Maana yake kura 70 kati ya 80 kwenye baraza la chini na 35 kati ya 40 kwenye Seneti. Kubadilisha katiba yenyewe, bunge linahitaji theluthi mbili tu ili lipeleke swali kwa wananchi. Mahakama Kuu ya California iliithibitisha hoja hiyo Julai 2024.

Mnyukaji, hapo fisi ni nani?

MNYUKAJI
Fisi ni fisi, awe bungeni Sacramento au kwenye makampuni hayo kule San Francisco. Lakini angalia upande wa pili wa sheria hiyohiyo ya 2014 aliyoitaja Hesabu Kwanza. Iliruhusu pia mwenye hoja kuiondoa kabla haijathibitishwa, yaani muda wa kujadiliana na bunge. Tarehe 28 Juni 2018 tuliona matunda yake mawili kwa siku moja. La kwanza: bunge lilipitisha sheria ya faragha ya data za wateja, kwa sababu mfanyabiashara Alastair Mactaggart alikuwa na saini zake tayari na akakubali kuondoa hoja yake. Miaka yote ya nyuma makampuni ya teknolojia yalikuwa yakizima jambo hilo kimyakimya. Bila kufuli, Mactaggart asingekuwa na cha kuwatishia.

KALAMU YA BLUU
Na tunda la pili, Mnyukaji, umelimeza. Siku hiyohiyo kampuni za soda ziliondoa hoja ambayo ingelazimisha kodi za miji na kaunti zipite kwa theluthi mbili. Bei yake? Bunge likapiga marufuku miji kuanzisha kodi mpya za soda hadi 2031. Wabunge wenyewe walisema hadharani kuwa wameshikwa shingo. Silaha ni ileile, na anayeweza kulipia saini laki tano ndiye anayeibeba.

HESABU KWANZA
Mkiwa hapo msisahau kura ya kuzuia sheria. Una siku 90 tangu sheria ipitishwe, saini asilimia 5, na zikithibitishwa sheria inasimama hadi uchaguzi. Mwaka 2020 bunge lilikataza tumbaku yenye ladha, ianze Januari 2021. Wenye viwanda wakaleta saini. Novemba 2022 wananchi wakaikubali sheria kwa asilimia 63. Kampuni zilishindwa vibaya, lakini ziliuza karibu miaka miwili zaidi. Kwao hiyo ni faida, si hasara.

MSOMAJI WA NAIROBI
Swali dogo. Huku kwetu Kenya, Kifungu cha 257 cha katiba kinataka saini milioni moja, tena ni kwa kubadilisha katiba tu, na muswada unapita mabunge ya kaunti kwanza. Na Mahakama ya Juu ilisema Machi 2022, kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, kwamba rais hawezi kuanzisha hoja ya wananchi. Kule California mwanasiasa anaruhusiwa?

MFUATILIAJI
Anaruhusiwa, na wanafanya. Kinachokatazwa ni kingine: hoja kubeba zaidi ya jambo moja, au kugeuza muundo mzima wa katiba, ambao wao huita kuipitia upya, si kuirekebisha. Mwaka 2018 mahakama iliiondoa hoja ya kuligawa jimbo vipande vitatu, na Juni 2024 ikaiondoa ile iliyotaka kila kodi mpya ya jimbo ipigiwe kura na wananchi. Zote mbili saini zilikuwa zimetosha.

Turudi kwa mtoa mada. Pendekezo lako lina tundu. Tofauti ya saini kati ya sheria na katiba ni 327,990 tu, na kwenye sanduku la kura zote mbili hupita kwa nusu na moja. Ukilegeza kufuli la sheria za kawaida, mwenye pesa ataongeza malipo ya hizo saini na kuandika jambo lake moja kwa moja ndani ya katiba, ambako bunge halifiki. Utapata katiba nene zaidi, basi.

KALAMU YA BLUU
Basi viende pamoja. Legeza sheria, kaza katiba: marekebisho yapite kwa asilimia 55. Florida wanataka 60 tangu 2006. Hoja ya 8 ya 2008, iliyokataza ndoa za jinsia moja, ilipita kwa 52. Kwa kipimo cha 55 isingeingia, na wananchi wasingelazimika kuifuta tena 2024.

MNYUKAJI
Hoja ya 11, ya tume ya mipaka, mwaka huohuo wa 2008 ilipata karibu asilimia 51 tu. Hoja ya 98 ya 1988, inayozitengea shule na vyuo vya jamii takribani asilimia 40 ya mfuko mkuu wa jimbo, ilipata 50.7. Zote ni za katiba. Kwa kipimo chako zote mbili zingezikwa.

HESABU KWANZA
Na mtakayeandika kipengele hicho, semeni mapema: yaliyokwisha kuingia kwa nusu na moja yatatolewa kwa kiasi gani? Mkinyamaza, Hoja ya 98 iliyoingia kwa 50.7 itahitaji 55 kutoka. Kwa bunge kukipeleka kwa wananchi mnahitaji kura 54 kati ya 80 na 27 kati ya 40; kwa kukusanya saini barabarani, ni 874,641, na weka akiba ya kutosha juu yake kwa wale waliosaini mara mbili.