Tupeane uzoefu: sare ya Berlin inayofia mikononi mwa mwenye haki

Shiti_Safi: Wakuu, jana kwenye shindano la chesi sare halali ya Berlin (ufunguzi ambao mkao wa kete ubaoni hujirudia mara tatu) imekataliwa kwa sababu ya jinsi ilivyodaiwa. Tukumbushane.

MzeeWaSaa: Hatua zake, kwa herufi na namba za miraba, ni hizi: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.0-0 Nxe4 5.d4 Nd6 6.dxe5 Nxb5 7.a4 Nbd4 8.Nxd4 Nxd4 9.Qxd4 d5 10.exd6 Qxd6 11.Qe4+ Qe6 12.Qd4 Qd6 13.Qe4+ Qe6 14.Qd4. Hapa ndipo watu huharibu. Mweusi anamweka Malkia d6, anabonyeza saa, ndipo anainua mkono. Umechelewa! Zamu imehamia kwa Mweupe, na haki ya kudai imehama nayo. Usiguse kete. Andika 14...Qd6 (yaani Malkia wa Mweusi kwenda d6) kwenye shiti, karatasi ya kuandikia hatua, simamisha saa, mwite mwamuzi, mwambie hatua hiyo italeta mkao uleule mara ya tatu. Dai likiwa la uongo, mpinzani anaongezewa dakika 2 na hatua uliyoandika utaicheza.

Kete32: Kweli mkuu. Wengi huanza kuhesabu kwenye hatua ya 12, kumbe mkao wa kwanza ni ule wa baada ya hatua ya 10.

NgomeKali: Hatua 14 mnaita mchezo? Huko ni kusaini mahudhurio.

Kete32: Mlaumu Mweupe. Asiyetaka sare acheze 6.Bxc6 badala ya 6.dxe5.

NgomeKali: Au 4.d3 badala ya 4.0-0, yaishe.

MzeeWaSaa: 4.d3 na usingizi ni ndugu.

FarasiF3: 6.Bxc6 ndiyo iliyomkwamisha Kasparov, akicheza Mweupe, kwenye mechi ya taji la dunia dhidi ya Kramnik, London 2000! Mweusi anajibu dxc6 7.dxe5 Nf5 8.Qxd8+ Kxd8. Mchezo wa kwanza sare hatua ya 25. Kramnik akairudia ya 3, 9 na 13, zote sare, akachukua taji 8.5–6.5. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja.

Shiti_Safi: Mfalme katikati ya ubao, hana tena ruhusa ya kujificha kwa kubadilishana na ngome, na hauawi?

FarasiF3: Malkia hawapo, nani amuue? Mweupe ana askari 4 kwa 3 upande wa mfalme, Mweusi ana askari wawili waliopangana c6 na c7. Kete kubwa zote zikiisha, wakabaki askari na wafalme, Mweusi taabani. Kwa hiyo analinda maaskofu wake wawili. Askari wa Mweupe akikaa e5, Askofu wa Mweusi wa mraba mweupe anatamba.

NgomeKali: Sawa, lakini shindano likikataza makubaliano kabla ya hatua 30?

MzeeWaSaa: Linakataza kukubaliana sare kwa kupeana mikono. Kujirudia ni dai, unapeleka kwa mwamuzi. Ukiona aibu kumwita, mkao ukifika mara ya 5 sare inakuja yenyewe.

Kete32: Na mpinzani atakuwa amelala.