Ziara za makanisa Dodoma: mnachukua hela za wageni wetu halafu mnawadanganya

Mbukwenyi wakuu. Nina hasira, uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Kwaya yetu ilipokea wageni kutoka Iringa, watu wazima, wengine wazee wa kanisa. Wakaomba watembezwe makanisa ya mjini na misheni za zamani, maana habari zake wamezisikia tangu utoto. Tukatafuta kampuni inayojitangaza mtandaoni kwa ziara za urithi wa dini Dodoma. Kichwa shilingi 45,000, Coaster, maji na mwongozaji humo humo. Jina siliweki, wenyewe wakisoma watajijua.

Tukaanzia Kanisa Kuu la Anglikana, la Roho Mtakatifu. Kijana kashika kipaza sauti anatangaza kwamba hili ni kanisa la Wajerumani. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, una uhakika?" Akajibu ndiyo mzee, Wajerumani ndio walioleta Anglikana huku. Jamani! Anglikana ya Ugogoni ni kazi ya CMS, chama cha wamisionari cha Waingereza, na baadaye Waaustralia. Dayosisi ya Central Tanganyika imeanza 1927, Mjerumani alishang'olewa zamani, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitokea Australia. Hayo si mambo ya kuchimbua kwenye nyaraka, wazee wetu wanayajua.

Bibi mmoja akauliza habari za Askofu Yohana Omari. Kijana akamtazama tu, kisha akasema tuendelee, muda umeisha. Yohana Omari aliwekwa wakfu Namirembe, Uganda, mwaka 1955, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika, tena askofu msaidizi wa dayosisi hiyo hiyo ambayo tulikuwa tumesimama kwenye kanisa lake kuu. Yule bibi amesafiri kutoka Iringa na swali lake hilo moja, akarudi kukaa kwenye gari bila jibu. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuchemka.

Kanisa Kuu la Katoliki tukaambiwa limepewa jina la Mtume Paulo, "yule aliyeandika nyaraka". Siyo! Ni Mtakatifu Paulo wa Msalaba, Mwitaliano wa miaka ya 1700, mwanzilishi wa shirika la Wapasionisti, na Wapasionisti kutoka Italia ndio waliolea Ukatoliki wa Dodoma. Jina lenyewe limebeba historia nzima ya jimbo, yeye kaliruka. Na ndani kulikuwa na watu wanasali. Kijana hakushusha sauti hata kidogo, anawapanga watu mbele ya altare wapige picha. Mama mmoja aliyekuwa amepiga magoti akanyanyuka akatoka nje. Sisi ndio tuliobaki kuomba radhi, mwongozaji yuko bize na simu.

Msikitini ndiyo aibu kamili. Tangazo lao linasema mtaona na Msikiti wa Gaddafi. Msikiti ule umefunguliwa 2010 kwa msaada wa Libya, ni mkubwa, unaingiza waumini kama 3,000, na wageni wetu walitamani kweli kuuona. Katupeleka Ijumaa, saa saba mchana! Watu wanamiminika kwenye swala, yeye anashusha Coaster nzima ya Wakristo getini, kina mama vichwa wazi, hakuna aliyeambiwa abebe mtandio, wala hakuna aliyepigiwa simu pale msikitini. Nawashukuru wale wazee wa getini, walitupokea kwa heshima, wakatueleza kwamba muda huo haiwezekani, tupange siku nyingine. Kijana akaanza kubishana nao. Kubishana na mtu mlangoni kwa nyumba yake ya ibada! Wazee wetu walitamani ardhi ipasuke.

Mchana ratiba ilisema Mvumi Misheni. Ni kilomita kama 40 tu kutoka mjini, kuna kanisa, kuna hospitali ya misheni, ndicho kitu walichokuwa wanakisubiri kuliko vyote. Tukaambiwa mafuta yamepanda. Badala yake tukapelekwa duka la mvinyo, tukakalishwa humo saa nzima. Wazee wa uamsho, watu ambao pombe hawaigusi, mnawapeleka duka la mvinyo kwa sababu mnakula kamisheni pale. Hela ya Mvumi haijarudi mpaka leo, kila nikipiga naambiwa bosi yuko safari.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaojua wapo. Pale kanisani kuna wazee, kuna makatekista, kuna kina mama waliokulia kwenye yadi za misheni wanaoimba tenzi za Kigogo kwa kichwa. Ukimlipa mzee mmoja nauli na chakula anakusimulia tangu wamisionari wanafika Mpwapwa miaka ya 1870 mpaka leo. Nenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani, ambako mpaka sasa watu wanafanya matambiko. Huko unajiandikisha na unapewa mwongozaji anayeijua ile miamba. Kwa nini nyumba zetu za ibada mjini ziwe shamba la bibi, kila mwenye gari na kipaza sauti anaingia?

Viongozi wa makanisa na wa msikiti mlioko humu, msikubali kundi lolote lije bila taarifa, na mhakikishe anayeongea ni mtu wenu. Maofisa utalii nao wakague leseni za hawa watu.

Nimeona wametangaza kundi lingine mwezi huu, na Mvumi wameirudisha kwenye tangazo. Kama umejiandikisha, kabla hujatuma hela waulize nani anawapokea kila kanisa, msikitini mmepangiwa saa ngapi, na Mvumi isipofikiwa unarudishiwa shilingi ngapi. Wakusainie kwenye karatasi.