Khaos: ni vurugu au ni mwanya?

Mdadisi wa Lugha:
Wanajamvi, salamu. Katika kusoma visasili vya Wagiriki nimekuta Khaos akiitwa mungu wa vurugu, huku maelezo mengine yakidai kwamba jina hilo halikuhusiana na vurugu hata kidogo. Naomba mwenye ujuzi anieleze lilimaanisha nini hapo mwanzo, na maana ya fujo ilitoka wapi.

Msomaji wa Kale:
Ndugu Mdadisi, ushahidi wa zamani tunaoutegemea ni Theogonia, utenzi wa Hesiodos wa yapata mwaka 700 KK, unaosema kwamba kilichotokea kwanza kabisa ni Khaos, kisha wakafuata Gaia, yaani Ardhi, na Tartaros, yaani kuzimu, na Eros, yaani Mapenzi. Na kutoka kwa Khaos wakazaliwa Erebos, ambaye ni giza, na Usiku. Jina lenyewe lina asili moja na kitenzi khaskein, yaani kuachama, kwa hiyo linataja uwazi mkubwa uliofunguka kama kinywa. Hesiodos haonyeshi Khaos akivuruga chochote. Tena mbele katika utenzi huo anamtaja kama mahali, kwamba Matitani, yaani miungu wa kale walioshindwa vitani, wanakaa ng'ambo yake. Kumwita mungu wa vurugu, kwa maoni yangu, ni kumsingizia.

Mwalimu Mstaafu:
Naafiki. Maana ya fujo tunaikuta waziwazi kwa mshairi wa Kirumi Ovidius, ambaye mwanzoni mwa Metamorphoses, utenzi wa yapata mwaka 8 BK, alilitumia neno hilo kwa bonge la vitu vyote kabla havijapangwa, ambamo baridi ilishindana na joto, na majimaji na ukavu. Kwa kuwa wasomi wa Ulaya ya Magharibi walisoma Kilatini kwa karne nyingi kuliko Kigiriki, maana ya Ovidius ndiyo iliyoshika.

Mdadisi wa Lugha:
Ahsanteni sana. Je, Kiswahili kina neno lolote lililotokana na hilo?

Msomaji wa Kale:
Kinalo, nalo liko jikoni: gesi. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels aliyefariki mwaka 1644, alilibuni neno "gas" na kueleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1648 kwamba mvuke aliuita hivyo kwa kuwa haukuwa mbali na khaos ya watu wa kale. Herufi g ya Kiholanzi hutamkwa karibu na kh, hivyo kwa masikio yake maneno hayo mawili yalikaribiana mno. Kiswahili kililipokea baadaye kupitia Kiingereza.